Sakitu ya Kipupwe: Habari za Baridi za Mkoa na Maana Yake Shambani Mwako

Ndugu mkulima wa nyanda za juu, karatasi hii yaeleza jambo moja tu: namna ya kusikia habari za baridi zinazotangazwa kwa mkoa mzima, kisha kujua zina maana gani katika shamba lako mwenyewe. Wakulima wengi husikia habari hizo kila jioni, na bado hupata hasara. Sababu si kwamba habari ni za uongo. Sababu ni kwamba hawajafundishwa kuzigeuza zilingane na mahali pao.

Hasara yenyewe yajulikana sana katika nchi ya Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Mbeya. Mtu hulima vinyungu vyake bondeni mvua zinapokwisha, akapanda viazi mviringo na maharage, akapalilia, akaona majani yamestawi. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai huamka akakuta shamba jeupe kama lililonyunyiziwa chumvi. Ifikapo saa 4 weupe umekwisha, na majani yamekuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Ada ya shule na mbegu za msimu ujao vilikuwa katika shamba lile. Walakini jirani yake, mwenye shamba juu kidogo kwenye mteremko, hakupoteza hata jani moja. Wengine husema ni bahati, wengine husema ni husuda. Si bahati wala si husuda. Ni kazi ya hewa baridi, na kazi hiyo ina kanuni zake.

1. KIPUPWE NI MAJIRA GANI

Kipupwe ni majira ya baridi, tangu Juni mpaka Agosti. Katika miezi hiyo jua huwa limesogea upande wa kaskazini, na pepo za kusi huvuma kutoka bahari ya kusini na kuleta hewa ya baridi. Katika nyanda za juu za kusini mvua huwa zimekwisha, mbingu hutakata mara nyingi, na hewa huwa kavu. Kwa hiyo joto hubadilika sana katika siku moja: mchana mtu huvua koti, usiku hutafuta blanketi la pili.

Tena yafaa kujua kwamba baridi yetu ina jamaa zake huko kusini. Katika miezi hiyo hiyo theluji huanguka katika nchi ya Lesotho na katika milima ya Drakensberg ya Afrika ya Kusini. Pengine hewa baridi iliyoleta theluji ile husukumwa kuelekea kaskazini, na baada ya siku chache hufika hata kwetu, ikiwa imepungua ukali wake. Basi ukisikia redioni kwamba theluji imeanguka kusini, usiogope theluji, lakini angalia sana usiku wa siku zinazofuata.

2. THELUJI, MVUA YA MAWE NA SAKITU

Watu huchanganya vitu hivi vitatu kwa kuwa vyote ni vyeupe na vyote ni baridi. Imetupasa kuvitenga, maana kila kimoja kina sababu yake.

Theluji hufanyika mawinguni penye baridi kali, nayo huanguka kama pamba nyepesi. Kwetu huanguka juu ya milima mirefu sana, kama Kilimanjaro wenye mita 5,895 na Mlima Kenya wenye mita 5,199.

Mvua ya mawe nayo hutoka mawinguni, lakini hutoka katika mawingu makubwa ya ngurumo, na huweza kuanguka hata mchana wa joto. Mwezi wa Septemba mwaka 2008, karibu na Nyahururu katika nchi ya Kenya, mteremko mzima ulifunikwa weupe, na watu wengi wakadhani wameona theluji. Vilikuwa vipande vidogo vya barafu vilivyoanguka kwa wingi vikashikana chini.

Sakitu, ambayo wengine huiita jalidi, haitoki mawinguni kamwe. Husemwa kwamba sakitu imeanguka, lakini sakitu haianguki. Hufanyika palepale juu ya jani, jani lenyewe linapopoa kupita kiasi cha maji kuganda, na unyevu wa hewa ukashika juu yake kama barafu nyembamba. Kwa hiyo usiitafute sakitu mawinguni. Usiku wenye mawingu mazito ndio usiku wa salama. Usiku wa nyota nyingi ndio wa hatari.

3. KWA NINI MBINGU SAFI NI HATARI

Mchana ardhi hupokea joto la jua. Usiku ardhi hulirudisha joto hilo juu, kama chungu kinachopoa baada ya kuepuliwa. Mawingu yakiwapo, hulizuia joto na kulirudisha chini, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili. Mawingu yasipokuwapo, joto hupotea mbinguni usiku kucha, na majani hupoa upesi kuliko kitu kingine kwa kuwa ni membamba.

Upepo nao husaidia. Ukivuma, huichanganya hewa ya chini iliyo baridi na hewa ya juu iliyo na joto kidogo. Upepo ukinyamaza, hewa baridi hutulia chini juu ya mazao.

Ndiyo maana mkulima hudanganywa na mwili wake. Siku ya kusi kali, yenye mawingu na manyunyu, kila mtu hutetemeka na kusema kwamba leo shamba litaungua kwa baridi. Lakini usiku wake sakitu haionekani. Siku ya pili au ya tatu upepo hunyamaza, mbingu hutakata, jua huwaka vizuri, watu hufurahi kwamba baridi imekwisha. Usiku wa siku hiyo ndio wa kuogopa.

4. KUIGEUZA HABARI YA MKOA IWE YA SHAMBA LAKO

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza kila siku joto la chini linalotazamiwa, kwa hesabu ya nyuzi. Maji huganda penye nyuzi 0. Mtu husikia kwamba kesho asubuhi patakuwa na nyuzi 5, naye husema moyoni: tano si sifuri, nilale. Hapo ndipo hasara ianziapo.

Yapasa kujua kwamba kipimajoto cha kituo huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya ardhi kiasi cha mita 1 na robo mpaka mita 2. Kipimo hicho ni cha hewa iliyo karibu na kifua au uso wa mtu mzima. Viazi vyako haviko hapo. Viko karibu na udongo. Katika usiku wa nyota usio na upepo, joto la majani yaliyo karibu na ardhi huweza kuwa chini ya kipimo kile kwa nyuzi 3, 4, hata 5. Basi nyuzi 5 za redio zaweza kuwa nyuzi 1 au 0 juu ya jani.

Tena kituo kiko mahali pamoja, na shamba lako liko mahali pengine. Kwa kawaida, kila nchi inapoinuka mita 100, joto hupungua kiasi cha nusu ya uzi au zaidi kidogo. Uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, hauwezi kuwa na joto moja na mji wa Njombe ulio chini yake kwa mamia ya mita.

5. HEWA BARIDI HUTEREMKA KAMA MAJI

Lakini kanuni ya mwinuko ni ya nchi pana. Ndani ya bonde moja, katika usiku mtulivu, mambo huwa kinyume: chini pana baridi, na juu kidogo pana nafuu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Jua likizama, hewa iliyopoa juu ya mteremko huanza kushuka polepole, hufuata mikondo ile ile ifuatwayo na maji ya mvua, na mwisho hukusanyika bondeni kama maji katika bwawa.

Mtu akitembea kwa miguu saa 3 za usiku kutoka kilimani kwenda mtoni ataisikia hewa hiyo kwenye miguu yake kabla ya usoni. Tofauti ya kilima na bonde huweza kuwa nyuzi kadhaa, ingawa mwendo wenyewe ni wa dakika chache. Ndiyo sababu ya jirani wa juu kuvuna na wa chini kulia.

Kama vile maji yazuiwavyo na tuta, hewa baridi nayo huzuiwa na ua mnene, ukuta, au kichaka kilichokatisha mteremko. Ua ulio upande wa juu wa shamba husaidia, maana hugeuza mkondo wa baridi upite kando. Ua ulio upande wa chini huleta hasara, maana huifanya hewa baridi isimame ndani ya shamba. Ukiwa na ua wa namna hiyo, fungua nafasi pana upande wa chini ili baridi ipate njia ya kutoka.

6. KUPIMA SHAMBA KWA SAHANI TATU

Mkulima asiye na kipimajoto aweza kulijua shamba lake kwa sahani tatu za bati zinazolingana. Chagua jioni yenye mbingu safi na isiyo na upepo. Tia maji kidogo katika kila sahani, kina cha upana wa kidole. Weka sahani moja upande wa juu wa shamba, ya pili katikati, ya tatu chini kabisa. Kila moja uiweke juu ya fungu dogo la majani makavu, mahali pa wazi, si chini ya mti.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, nenda ukaangalie. Pengine sahani ya juu itakuwa na maji matupu, ya kati itakuwa na utando mwembamba, na ya chini itakuwa na barafu ya kuvunja kwa kidole. Kipimo hiki hakikuambii hesabu ya nyuzi, lakini chakuonyesha wazi ni wapi baridi hukaa na inakoishia.

Andika katika daftari: tarehe, nyuzi zilizotangazwa, hali ya mawingu, hali ya upepo, na hali ya kila sahani. Ukifanya hivyo katika kipupwe cha miaka miwili, utaweza kusema: redio ikitangaza nyuzi 6 na mbingu ni safi, sahani yangu ya chini huganda. Habari ya mkoa itakuwa imegeuka kuwa habari ya shamba lako. Hakuna ofisi iwezayo kukuandikia daftari hilo.

7. KUPANDA KILA ZAO MAHALI PAKE

Kinga iliyo bora haifanywi usiku wa baridi; hufanywa siku ya kupanda. Mazao hayafanani katika kustahimili sakitu.

Maharage huumia upesi sana, hata penye nyuzi 0 au chini yake kidogo. Majani ya viazi mviringo huharibika kiasi cha uzi 1 au 2 chini ya sifuri. Mahindi huungua majani vivyo hivyo; lakini mahindi machanga sana huweza kuchipua tena, maana kiini chake bado kimo ndani ya udongo. Miche ya parachichi, ambayo sasa imepandwa kwa wingi Njombe, huumia sana katika miaka yake ya kwanza. Kabichi, karoti na vitunguu hustahimili zaidi. Njegere hustahimili majani yake, lakini maua na maganda machanga huharibika. Ngano nayo ni imara ikiwa changa, na dhaifu wakati wa kutoa maua. Pareto hupenda nchi ya baridi, na pasipo usiku wa baridi haitoi maua mengi.

Basi, kwa kufuata sahani zako, panda kabichi, karoti na vitunguu mahali pa chini kabisa. Viazi viwe katikati. Maharage na miche ya parachichi viwe juu, mahali ambapo maji ya sahani hayakuganda. Ikiwa shamba lako lote li bondeni, usipande lote kwa siku moja. Gawanya upandaji katika mafungu mawili au matatu, wiki kadhaa kati yake, ili usiku mmoja usichukue kila kitu.

8. KUUTENGENEZA UDONGO

Udongo ni ghala la joto. Udongo wenye unyevu na uliotulia hupokea joto jingi mchana na kulitoa usiku. Udongo mkavu uliotifuliwa una hewa nyingi ndani yake, nao hauhifadhi joto vizuri. Kwa hiyo, ukisikia kwamba baridi inakuja, usilime wala usipalilie siku hizo. Ukiwa na maji, mwagilia siku moja au mbili kabla, wakati wa asubuhi, ili jua lipate kuupasha joto udongo uliolowa.

Matandazo ya majani makavu ni mema kwa kuhifadhi maji, lakini katika usiku wa sakitu huzuia joto la udongo lisiyafikie majani ya mmea. Mahali pa hatari, yasogeze kando siku za baridi, kisha uyarudishe. Magugu nayo hufanya vivyo hivyo; yaondolewe mapema, kabla ya kipupwe. Viazi vipandishiwe udongo vizuri, ili hata majani yakiungua, shina lililofunikwa libaki na uhai.

9. KAZI YA JIONI

Ukisikia habari ya baridi, toka nje saa 12 za jioni uangalie mambo matatu: mbingu, upepo, na mahali pako. Mbingu ikiwa safi, upepo umenyamaza, na shamba li bondeni, fanya kazi kabla giza halijaingia.

Vitalu vya mboga na miche michanga ifunikwe kwa nyasi, magunia au mikeka, ikishikiliwa na vijiti ili kifuniko kisiguse majani. Funika jua lingali lipo, ili ufunge joto ndani. Ukifunika usiku wa manane, umefunga baridi. Asubuhi, jua likishapanda, ondoa kifuniko ili udongo upate joto la siku. Mche wa parachichi ujengewe kibanda kidogo cha nyasi, kikiachwa wazi kidogo upande wa jua la asubuhi.

Watu wengi huwasha moto wa moshi, wakidhani moshi utakuwa kama mawingu. Moshi una msaada mdogo sana; kinachosaidia ni joto la moto wenyewe. Moto mmoja mkubwa hurusha hewa ya joto juu ikapotea, na huvuta hewa baridi kutoka kando. Mioto midogo mingi ni afadhali, lakini hutaka kuni nyingi na watu wa kukesha. Tena kipupwe ni wakati wa ukavu, na moto ulioponyoka huweza kuteketeza misitu na nyumba za watu. Kwa shamba la mkulima mdogo, kifuniko na mahali pazuri pa kupanda vyapita moto.

10. BAADA YA SAKITU

Sakitu ikikushinda, usiharakishe kung'oa. Ngoja siku 7 mpaka 10. Viazi vingi huchipua tena kutoka chini, na mavuno, ingawa yatapungua, hayatakuwa bure. Miti ya matunda na chai isikatwe mara moja. Ngoja machipukizi mapya yaonyeshe mahali ambapo uhai umeishia, kisha kata hapo. Tawi lililokauka lisikusumbue macho, maana hulikinga lililo chini yake kama baridi itarudi, nayo yaweza kurudi mpaka mwisho wa Agosti.

Kisha andika katika daftari lako mstari ulioishia weusi wa majani. Mstari huo ndio mpaka wa bwawa la baridi. Umeulipia kwa mazao yako. Usiusahau mwaka ujao.

KUMBUKA

Nyuzi zinazotangazwa ni za hewa ya juu ya kifua, si za jani.

Usiku wa nyota na utulivu ndio wa sakitu; usiku wa mawingu na upepo si wake.

Hewa baridi huteremka na kukaa bondeni. Usiizibie njia ya kutoka.

Funika kabla jua halijazama, funua likishapanda.

Mkulima asiyeelewa neno lo lote na amwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yake, naye aende na daftari lake mkononi.